UZI: Nilivyozunguka jangwa la Australia na mzee wangu kwa karavani, Adelaide hadi Uluru na kurudi

#1 Mtoto wa Dereva

Wakuu, salaam.

Julai ya mwaka jana mzee wangu alikuja kunitembelea hapa Adelaide. Ni mtu wa Tanga, ana miaka 71, na miaka 33 kati ya hiyo ameimalizia kwenye usukani wa malori ya masafa: Dar, Tunduma, Zambia, wakati mwingine mpaka Lubumbashi. Nilipokuwa shule, likizo zangu nyingi ziliishia kwenye lori lake nikiwa tingo. Kufunga turubai, kugonga matairi kwa nondo kusikia lipi limepungua upepo, kuruka chini na jiwe kila akisimama mlimani.

Basi wiki ya kwanza hapa kwangu alikaa sebuleni akimtazama paka wa jirani. Siku ya nane akaniuliza, "Hivi nchi hii ina barabara, au ina masebule tu?"

Nikaenda kukodi karavani.

Kwa asiyeijua: ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Yetu ilikuwa na vitanda viwili, jiko la gesi, friji, sinki, tangi la maji chini ya sakafu, na choo. Mzee alipoambiwa choo kipo hatua tatu kutoka kwenye mto wake alinyamaza, halafu akasema yeye atatumia vya vituoni. Akalishika neno lake safari nzima. Gari la kuvuta ni langu, Prado ya dizeli. Mkataba ulimtambua dereva mmoja tu, mimi. Nikamweleza Mzee kwa uchungu kidogo, maana nilijua alikuwa anautamani usukani. Akafungua mlango wa kushoto, akapanda, akasema: "Haya. Leo mimi ndiye tingo wako."

Njia yenyewe ni Stuart Highway, inayotoka Port Augusta kusini kwenda Darwin kaskazini, zaidi ya kilomita 2,700. Sisi hatukufika Darwin. Tulikwenda Coober Pedy, tukaingia Uluru, ule mwamba mkubwa wa jangwani, tukagusa Alice Springs, tukageuza. Siku 13, kama kilomita 3,700.

Nikitulia jioni naendelea. Maswali ya viza na kazi za mashambani yana nyuzi zake, tusichanganye mafaili.

#2 Kambi Popote

Natia nanga hapa. Mkuu usije ukatuacha njia panda kama yule jamaa wa uzi wa meli.

#3 Bi Mkubwa wa Mikocheni

Nimecheka kwenye choo. Baba yangu naye angelala nje na dingo, mbwa mwitu wa huko, kuliko kulala chumba kimoja na choo.

#4 Mtoto wa Dereva

Nimerudi.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi, ila nianzie Ijumaa, kwa sababu Mzee mwenyewe anasema safari yake ilianzia pale. Tuliswali Ijumaa kwenye msikiti wa Little Gilbert Street, katikati ya mji. Ulijengwa mwaka 1888 na 1889, na minara yake minne iliongezwa 1903. Waliojenga walikuwa waongoza ngamia. Karne ya 19 Waingereza walipotaka kuingia katikati ya bara hili, farasi na ng'ombe wa kukokota walikuwa wanakufa kiu, ndipo wakaleta ngamia kwa maelfu pamoja na watu wanaowajua: Waafghani, Wapunjabi, Wabulushi na wengine wa upande ule. Wote wakaitwa jina moja tu, "Waghani", na mpaka leo treni ya kutoka Adelaide kwenda Darwin inaitwa The Ghan. Nguzo za simu ya maandishi, vyakula, sufu, mabati ya nyumba, vyote vilipita migongoni mwa ngamia wao.

Halafu miaka ya 1920 malori yakaingia. Ngamia wengi wakafunguliwa waende zao porini, wakazaana, na sasa Australia ndiyo yenye kundi kubwa kuliko yote duniani la ngamia wasio na mwenyewe.

Mzee alisikiliza haya yote akiwa anavaa viatu. Akasema, "Kwa hiyo sisi wenye malori ndio tuliowatoa kazini hawa." Alikuwa anasikitika kweli, kama mtu aliyehusika.

#5 Kisauni Yetu

Wabulushi hao twawajua vyema huku pwani, ndugu yangu. Walikuwa askari wa masultani wa Oman, wakawekwa Ngome ya Yesu Mombasa na Unguja, na wajukuu wao wangalipo, wasema Kiswahili kukushinda wewe. Ndugu mmoja akenda Mvita na bunduki, mwingine akenda Australia na ngamia. Dunia ndogo.

#6 Mtoto wa Dereva

Kisauni, hilo nitampelekea Mzee kama lilivyo.

Sasa barabarani. Hapa ndipo nilipopata aibu yangu ya kwanza, nitaieleza vizuri maana inaweza kuokoa mtu.

Mimi nilipakia karavani kama navyopakia gari la kwenda kijijini: vizito vyote nyuma, karibu na mlango wa kutolea. Madumu manne ya maji ya lita 20, sanduku la vifaa, mfuko wa mkaa, unga, katoni za vinywaji. Mzee alizunguka mara moja, akabonyeza kile kirungu cha chuma ambacho karavani imeshikia nyuma ya gari, akasema, "Pua ni nyepesi." Nikamwambia wenye mali wamesema iko sawa. Akanyamaza, akapanda.

Tulipita Port Augusta salama. Mbele ya Pimba upepo wa ubavuni ukaanza, na mimi nilikuwa nimeshazoea, nakimbia 105. Nyuma likaja treni la barabarani. Hili si treni la reli, ni lori linalovuta matela matatu, urefu unaweza kufika mita 53.5, yaani pulingi ya kwetu (lori na tela lake) mara mbili na ushee. Likatupita. Lile ukuta la hewa lilipotugusa, karavani ikaanza kucheza mkia: kushoto, kulia, kushoto tena, kila ikirudi inakwenda mbali zaidi, na sasa inaanza kulivuta gari lenyewe. Mguu wangu ukaenda kwenye breki.

"USIKANYAGE!" Nina miaka 40, ila sauti ile ilinirudisha darasa la sita. "Achia mafuta. Shika usukani tu, usishindane nalo. Lina breki lenyewe hilo?"

Lina. Karavani nzito zina breki za umeme, na chini ya dashibodi kuna kitufe cha kuzibana peke yake bila kugusa za gari. Nikakibonyeza. Ukibana tela, linajivuta nyuma na kunyooka. Ukibana gari la mbele, tela linaendelea kusukuma na ndipo mnapokunjana kama kisu. Tukanyooka. Nikaegesha pembeni, mikono inatetemeka.

Mzee alishuka bila kusema lolote. Tukatoa vitu vyote, tukavipanga upya: vizito sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, vyepesi juu, nyuma hakuna kitu. Kanuni wanayotumia wengi huku ni kwamba kama asilimia 10 ya uzito wa karavani ikae kwenye kile kirungu. Ikipungua sana, mkia unatawala. Mzee hakuijua asilimia, alijua kwa kubonyeza.

Kuanzia hapo mwendo ulikuwa 90. Hakuniagiza, ila mshale ukivuka tu 90 alikuwa anakohoa.

#7 Nahodha wa Nchi Kavu

Mzee ana PhD ya Kitonga huyo. Mtu aliyeshusha mzigo Kitonga kwa gia ndogo, mvua inanyesha na mbele yake kuna basi, huwezi kumfundisha tela. Mkuu mwombe radhi tena.

#8 Mkazi wa Perth

Naongezea, mwenzenu niko upande wa magharibi. South Australia mwisho ni 110, Northern Territory (jimbo la kaskazini, lenye Uluru na Darwin) kuna vipande vinaruhusu 130, ila huku Western Australia kwa miaka mingi ukivuta kitu chochote mwisho wako ulikuwa 100 hata kibao kiseme 110. Wageni wengi walipigwa faini hapo.

#9 Mtoto wa Dereva

Asante Mkazi. Pia mwenye karavani aweke redio ya upepo kwenye gari. Madereva wa malori wapo chaneli ya 40, wenye karavani wengi wako 18. Lori likitaka kukupita unamwambia nimekuona, njia nyeupe, pita. Mzee alikabidhiwa kipaza sauti hicho na hakukiachia tena. Kiingereza chake ni cha mpakani, kinatosha: "Good road, brother, come, come." Walikuwa wanamjibu kwa heshima zote.

Mafuta: usipite kituo. Kutoka Glendambo hadi Coober Pedy ni kilomita 254 na katikati hakuna pa kujaza, wala pa kununua maji. Prado peke yake inakula kama lita 10 kwa kilomita 100, ikivuta nyumba yetu ilikunywa 18, na upepo wa mbele ulipokaza ikafika 21. Kwa ujumla tulichoma lita 670 hivi.

Palepale Glendambo Mzee alimkuta dereva wa treni la barabarani anakunywa kahawa. Wakazunguka matela yote matatu wakigonga matairi. Swali la Mzee lilikuwa moja: tingo yuko wapi? Jamaa hakuelewa. Nikatafsiri. Akasema hana, anakwenda peke yake mpaka Darwin. Mzee hakuamini. "Na akisimama mlimani nani anaweka jiwe?" Nikamwambia milima yenyewe haipo, Baba. Akatazama mbele, kule ambako barabara inaishia kwenye mvuke, akakubali.

Na kweli hakuna. Hapa wengi wanakosea kuhusu safari hii: wanafikiri utaona kitu kila saa. Hupati. Unapata udongo mwekundu, vichaka, mzoga wa kangaruu, kibao, na ukimya. Northern Territory peke yake inaizidi Tanzania kwa eneo, na watu wake ni kama robo milioni. Kuna ranchi moja ya ng'ombe upande wa Coober Pedy, Anna Creek, inazidi mkoa mzima wa Kilimanjaro. Siku ya kwanza ukimya ule ulinichosha. Siku ya nne nikagundua Mzee hajawahi kuongea na mimi kiasi kile maishani. Ukiwa tingo unapewa amri tu. Humo barabarani nilisikia habari za ajali ya Mikumi ya mwaka nikiwa sijazaliwa, habari za shangazi ambaye sikujua tulikuwa naye. Hayo yanabaki nyumbani.

#10 Bi Mkubwa wa Mikocheni

Hapo umenigusa mkuu. Na kuswali mlikuwa mnafanyaje huko?

#11 Mtoto wa Dereva

Maeneo ya kupumzikia ni mengi, yana meza na kivuli. Siku ya kwanza Mzee alitandika mkeka akaelekea kaskazini, kama nyumbani. Nikamgeuza. Kwetu kibla ni kaskazini, huku ni magharibi na kaskazini kidogo. Kila alipomaliza alikuwa anatazama kule alikotaka kuelekea kwanza, anacheka mwenyewe.

Jambo jingine alilolipenda: kuna vipande vya barabara vimepakwa alama kubwa nyeupe, pana kuliko kawaida. Ni viwanja vya dharura vya ndege za madaktari. Wanafunga barabara, ndege inatua juu ya lami, inachukua mgonjwa. Huduma hiyo ilianza mwaka 1928. Kwa wa kwetu, fikiria ile ya AMREF iliyoanza Nairobi 1957, kazi ni ileile.

#12 Kichwa Kigumu

Mimi naomba kuuliza bila kukwaza. Milioni zote hizo, lita 670, kwenda kuona vichaka na mizoga? Si ungempeleka Mzee Maka?

#13 Mtoto wa Dereva

Alikwishahiji mwaka 2014, kwa pesa yake mwenyewe ya pulingi. Swali lingine.

#14 Mchimbaji Mstaafu

Twende Coober Pedy mkuu. Nimesikia wanaishi ardhini kama sisi wa Mererani, ila wao kwa hiari.

#15 Mtoto wa Dereva

Ndiyo. Opali, kile kito chenye mng'ao wa rangi nyingi, iligunduliwa pale mwaka 1915 na kijana wa miaka 14 aliyekuwa na baba yake wakitafuta dhahabu. Kiangazi joto linapita 40, kwa hiyo watu walichimba vilima wakaingia ndani. Nyumba, hoteli, makanisa, yote chini ya mwamba, na ndani ni kama nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima bila kiyoyozi. Tuliiacha karavani usiku mmoja tukalala humo. Giza lake si la kawaida. Ukizima taa huoni hata kiganja.

Nje ya mji kuna mashimo ya wachimbaji kila mahali na vibao vinakuonya usitembee kinyumenyume. Sababu ni wapiga picha: mtu anarudi hatua moja ili mwenzake aenee, anapotea. Na kuna vilima vya kifusi ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kuchokonoa kutafuta opali iliyosahaulika. Nikamwambia Mzee, hayo ndiyo magwangala ya Geita. Alichokonoa saa mbili, akapata kijiwe chenye mng'ao kama ukucha wa mtoto. Hajakubali kipimwe. Anasema kikipimwa kitakuwa kioo.

#16 Mchimbaji Mstaafu

Hapo Mzee ameonyesha akili. Wanaapolo wangapi wameharibiwa furaha na sonara!

#17 Mwana wa Kilwa

Nisipolisema hili nitalala vibaya. Mwaka 1944, askari mmoja wa anga wa Australia aliokota sarafu mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa hiyo hiyo Northern Territory. Akaziweka kwenye kopo mpaka 1979 alipozipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za masultani wa Kilwa. Kilwa yetu, Kisiwani! Nani alizifikisha, hakuna mwanahistoria aliyethibitisha hadi leo. Ila mkuu, wewe na Mzee huenda si Waswahili wa kwanza kuzurura huko.

#18 Kambi Popote

Mwana wa Kilwa umefunga kazi.

#19 Mtoto wa Dereva

Ningelijua hili kabla, tungefika Darwin kwa namna yoyote.

Uluru nitaipitia haraka maana picha zake mmeziona. Mita 348, mzunguko wa kilomita 9.4. Wenyewe ni Waanangu, walirudishiwa ardhi yao rasmi tarehe 26 Oktoba 1985, na tarehe hiyohiyo mwaka 2019 kupanda juu kukapigwa marufuku kabisa, kama walivyoomba siku nyingi. Unazunguka kwa miguu chini. Kuna sehemu vibao vinasema usipige picha, ni pa mila. Mzee alivua kofia sehemu hizo bila kuambiwa. Nikamuuliza kwa nini. "Kwani kwenu Tanga hakuna mapango?" Sikuuliza tena.

Usiku baridi ilishuka chini ya sifuri, maji ya bomba la nje yakaganda. Mnaokuja Julai msidanganywe na neno jangwa.

Na msiendeshe jua likizama wala usiku. Kangaruu, emu (ndege kama mbuni) na ng'ombe wasio na uzio hutoka saa hizo. Mchana kuna tai wakubwa wanaokula mizoga katikati ya lami. Ni wazito, wanachelewa kuruka, ukifika kwa kasi anakuingilia kiooni. Mzee aliyepita Mikumi usiku miaka 33 alikuwa na msemo wake: mnyama hana indiketa.

#20 Nahodha wa Nchi Kavu

Sasa swali ambalo nimelibana tangu mwanzo. Mzee aligusa usukani au hakugusa?

#21 Mtoto wa Dereva

Nilijua utauliza.

Tukiwa tunarudi tuliingia tena Coober Pedy, kwenye kambi ya karavani. Pale unapewa kijinafasi katikati ya majirani wawili na lazima uingie kinyumenyume. Wanaojua tela wanajua: ukitaka liende kushoto unakata kulia, ukichelewa kunyoosha limejikunja. Nilijaribu mara nne. Kambi hizo zimejaa wazee wastaafu wa Kiaustralia wanaozunguka nchi na nyumba zao mwaka mzima, na saa kumi jioni burudani yao kubwa ni kukaa kwenye viti vya kukunja kutazama wageni wakirudi nyuma. Walikuwa kama kumi na wawili. Mmoja alikwenda kumwita mkewe.

Mara ya tano tairi lilikanyaga kigingi cha hema la jirani. Nikazima gari. Mzee alishuka, akazunguka mbele, akafungua mlango wangu, akasimama tu. Msiniulize habari za mkataba.

Nikashuka. Akasogeza kiti, akarekebisha kioo cha kulia, cha kushoto akakiacha. Akavuta mbele mpaka gari na karavani zikanyooka, akarudi mara moja, taratibu, mkono mmoja chini ya usukani, kichwa nje ya dirisha. Iliingia kama droo. Pande zote mbili zilibaki sawa, nadhani ungeweza kupima kwa rula. Wazee wale walisimama wakapiga makofi, mmoja akamletea kinywaji ambacho Mzee alikikataa kwa adabu akaomba chai.

Ila kabla ya chai hakushuka. Injini inaunguruma, mguu uko kwenye breki, ananitazama kwenye kioo kana kwamba nimesahau kitu.

"Tingo," akasema. "Jiwe."

Nikaenda kutafuta jiwe.